Maswali ya Wasomaji: Kitenzi cha Kiingereza na Kihusishi Chake

Barua tulizopokea safari hii zimekusanyika, kwa sehemu kubwa, kwenye jambo moja: vitenzi vya Kiingereza na vihusishi vinavyoandamana navyo. Wapo wanaoongeza kihusishi mahali ambapo hakitakiwi, wapo wanaokiacha mahali ambapo sentensi haiwezi kusimama bila hicho, na wapo wanaokiweka mahali pasipo pake. Makosa haya hayatokani na uvivu wala uzito wa kichwa. Mara nyingi Kiswahili huiingiza kazi ya kihusishi ndani ya kitenzi chenyewe kwa njia ya mnyambuliko, ilhali Kiingereza huikabidhi kwa neno linalojitegemea, kwa hiyo anayejifunza hana budi kuuangalia upya mpaka wa kitenzi. Samuel Johnson, alipotoa kamusi yake kubwa ya Kiingereza mwaka 1755, alikiri katika dibaji kwamba vitenzi vinavyogeuzwa maana na kijineno kinachovifuata ndivyo vinavyowatatiza wageni kuliko kitu kingine. Tumechagua barua ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni karani katika ofisi ambako barua zote huandikwa kwa Kiingereza. Mkuu wangu hulikata neno “about” kila ninapoandika “We discussed about the budget”, lakini yeye mwenyewe huandika “our discussion about the budget” wala halikati. Anafuata kanuni gani?

JIBU: Ndugu msomaji, mkuu wako yuko sahihi mara zote mbili, na tofauti uliyoiona ndiyo ufunguo wa makosa mengi ya barua za kiofisi. “Discuss” ni kitenzi elekezi: hupokea yambwa yake moja kwa moja, bila kihusishi chochote katikati. Tunaandika “We discussed the budget”, basi. Kishawishi cha kuongeza “about” kinatoka pande mbili. Kwanza, sisi husema “tulijadiliana kuhusu bajeti”, na “kuhusu” hiyo hutufuata hadi kwenye Kiingereza. Pili, Kiingereza chenyewe kina “talk about” na “speak about”, ambavyo maana yake iko jirani kabisa na “discuss”, hivyo mwandishi huchanganya majirani hao pasipo kujua.

Lakini “discussion” ni nomino, na nomino ya Kiingereza haiwezi kushika yambwa kwa mkono wake yenyewe; inahitaji kihusishi cha kuiunganisha na jambo linalozungumziwa. Ukilielewa hilo, utaona kundi zima la maneno likipangika. Tunaandika “We request your assistance”, lakini “our request for your assistance”. Tunaandika “The report emphasises safety”, lakini “The report puts emphasis on safety”. “They ordered new chairs” huwa “an order for new chairs”. “The office lacks staff” huwa “a lack of staff”. “She answered the letter” huwa “an answer to the letter”. “We contacted the supplier” huwa “We made contact with the supplier”. Na “The rule affects everyone” huwa “The rule has an effect on everyone”. Katika kila jozi, kitenzi kinatembea peke yake na nomino inatembea na mwenzake. Makosa kama “We request for”, “The report emphasises on” na “The office lacks of” yote yamezaliwa kwa kumvalisha kitenzi kihusishi cha nomino yake.

Naomba usiichukue kanuni hii kana kwamba haina mipaka, kwa sababu vipo vitenzi ambavyo havikubali kutengana na kihusishi hata kidogo: “depend on” na “dependence on”, “complain about” na “complaint about”. Lakini kwa vitenzi hivyo vinavyojirudia katika barua za ofisini, itakuepusha na kalamu nyekundu ya mkuu wako.

Kwa kuwa uko kwenye kazi ya kuandika, nikuongezee vingine vitatu. “Comprise” hukaa bila “of”: “The committee comprises seven members”, ukitaka “of”, tumia “consists of” au “is composed of”. Umbo “is comprised of” utalikuta mara nyingi, ila wahariri wengi makini hulikwepa, nami nakushauri ulikwepe. “Enter” huingia chumbani bila “into”, yaani “enter the room”, lakini mtu huingia katika makubaliano kwa “enter into an agreement”. Na “cope” hufuatwa na “with” peke yake. Hiyo “up” inayosikika katika “cope up with” imeazimwa kutoka kwa “keep up with” na “catch up with”, nayo haina kazi pale.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Katika insha yangu niliandika “Please wait me” na “He explained me the question”, zote zikakatwa. Mbona sisi husema “nisubiri” na “alinieleza swali”, na hakuna kinachopungua?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza vizuri, maana umekwenda mwenyewe kwenye mzizi wa tatizo. Katika “nisubiri” hakuna kinachopungua kwa sababu kitenzi “subiri” kinampokea mtu moja kwa moja kwa kiambishi “ni”. “Wait” hakiwezi. “Wait” ni tendo linaloishia kwa mtendaji, na ukitaka kumtaja anayesubiriwa ni lazima umfikie kupitia “for”: “Please wait for me”. Vivyo hivyo “nisikilize” ni “listen to me”, “niangalie” ni “look at me”, na “nitafute” ni “look for me”. Ajabu ni kwamba karibu kila kimoja cha vitenzi hivi kina ndugu yake asiyehitaji kihusishi. “Await” hubeba yambwa yake mwenyewe, ndiyo maana barua rasmi huandika “We await your reply”, na “await for” ni kosa sawa na “wait me”. “Hear” na “see” pia hupokea yambwa moja kwa moja, tofauti na “listen to” na “look at”, na “seek” hufanya vilevile ukilinganisha na “look for”.

“Explain” ni kisa kingine. Kiswahili kinakubali mtu na jambo vikae pamoja ndani ya “alinieleza swali”. Kiingereza kimeamua kwamba yambwa ya “explain” ni jambo, na mtu hufika baadaye akiwa ameshikwa na “to”: “He explained the question to me”. Jambo likiwa refu, mtu hutangulizwa, lakini “to” yake haimwachi: “He explained to me why the second answer was wrong”. Fuata mwendo huohuo kwa “describe”, “suggest”, “announce”, “report”, “mention”, “introduce” na “say”. Kundi la pili, lenye “tell”, “give”, “show”, “teach”, “send” na “offer”, humpokea mtu bila kihusishi akitangulia: “She told me the story”, “They showed us the plan”. Mwanafunzi anayeandika “She told to me the story” amevusha tabia ya kundi la kwanza kwenda la pili.

Sasa nitazame kwa karibu jambo ambalo vitabu vingi vya kiada hulipita haraka. Kauli yetu ya kutendea ni hodari mno. “Hama” ni kuondoka mahali, “hamia” ni kwenda kukaa mahali; “kimbia” ni kukikwepa kitu, “kimbilia” ni kukiendea. Herufi moja au mbili tu zimegeuza mwelekeo mzima, kazi ambayo Kiingereza huifanya kwa “move out of” na “move to”, “run away from” na “run to”. Lakini katika jambo moja kauli hii haituambii kila kitu. Tunasema “alinirushia mpira” na “alinirushia jiwe”, kitenzi kilekile, na msikilizaji ndiye anayetambua kwamba la kwanza ni mchezo na la pili ni shambulio. Kiingereza hulazimisha msemaji achague: “He threw the ball to me” humfanya mtu kuwa mpokeaji, na “He threw a stone at me” humfanya kuwa shabaha. Tofauti hiyohiyo iko katika “shout”. “She shouted to me across the field” ni kuniita kwa sauti ili nisikie. “She shouted at me” ni kunifokea. Ukikosea hapo umemsingizia mtu hasira ambayo hakuwa nayo.

Usihitimishe, hata hivyo, kwamba “at” ni ya uadui daima. “Smile at someone” ni jambo jema. “At” inaonyesha tu mahali tendo linapolenga, na uzuri au ubaya hutoka kwa kitenzi chenyewe: “laugh at someone” ni kumcheka mtu, nako kucheka pamoja naye ni “laugh with”.

SWALI: Ndugu Mwalimu, niliandika maelezo ya wizi kwa Kiingereza nikaanza hivi: “I was stolen my phone.” Aliyeyasoma akaniuliza kama nilitekwa. Kosa ni lipi, na ningeandikaje?

JIBU: Pole kwa kuibiwa. Aliyekuuliza aliielewa sentensi kama Kiingereza kinavyoielewa: neno linalokaa kwenye nafasi ya kiima cha “was stolen” ndicho kitu kilichochukuliwa, na wewe ulijiweka hapo. Kiswahili kina kauli ya kutendewa, “niliibiwa simu”, inayompa aliyepatwa na wizi nafasi ya kiima na kuiacha simu ifuate nyuma. “Steal” hakina mlango huo. Yambwa yake ni mali tu: “My phone was stolen”, au “Someone stole my phone”, na ukitaka kumtaja mwenye mali, mlete kwa “from”: “Someone stole my phone from me”. Ukipenda kuanza na wewe mwenyewe, Kiingereza kinakupa “I had my phone stolen”.

Kitenzi kinachompokea mtu ni “rob”, na hapo mali ndiyo inayopewa kihusishi: “I was robbed of my phone”. Kwa hiyo mtu huibiwa kwa “rob … of” na kitu huibwa kwa “steal … from”. Angalia pia kwamba “rob” kwa kawaida hubeba maana ya nguvu au vitisho. Simu ikichomolewa mfukoni bila wewe kuhisi, “stolen” ndilo neno la kweli, na katika maelezo ya kisheria tofauti hiyo ina uzito.

Kwa kuwa umeandikia maelezo ya aina hiyo, ni vyema ujue kwamba vitenzi vinavyoifuata kesi moja kutoka mwanzo hadi mwisho havitumii kihusishi kimoja. Mtu hushukiwa kwa “suspected of theft”, hukamatwa kwa “arrested for theft”, hutuhumiwa kwa “accused of theft”, hushtakiwa rasmi kwa “charged with theft”, husikilizwa kesi kwa “tried for theft”, kisha huachiwa kwa “acquitted of theft” au hutiwa hatiani kwa “convicted of theft”, na mwisho huhukumiwa kifungo kwa “sentenced to two years in prison”. Kosa linaloonekana mara nyingi zaidi ni “accused with” na “charged of”, ambapo waandishi wamebadilishana vihusishi vya maneno mawili yaliyo jirani. Hapa sina njia ya mkato ya kukupa. Kariri kila kitenzi na mwenzake, kwa mpangilio huo wa kesi, kwa sababu kisa kinachosonga mbele hukaa kichwani kuliko orodha kavu.

“Blame” kinastahili sentensi yake, maana kina njia mbili zinazopishana: “They blamed the driver for the accident” na “They blamed the accident on the driver”. Anayelaumiwa akitangulia, kosa hufuata kwa “for”. Kosa likitangulia, mtu hufuata kwa “on”. “Provide” nacho huenda hivyohivyo: “provide the students with books”, au “provide books for the students”. Kusema “provide the students books” husikika Marekani zaidi kuliko kwingine, na katika maandishi rasmi ni salama zaidi kuweka “with”.

SWALI: Nimefundishwa kwamba kitenzi kinachofuata “to” hubaki katika umbo lake la asili. Kwa nini basi “I look forward to meet you” ni kosa, na sahihi ni “to meeting”?

JIBU: Ulichofundishwa ni kweli kwa nusu, kwa sababu zipo “to” mbili zinazofanana sura na kutofautiana kazi. Ya kwanza ni alama ya kitenzi, mithili ya “ku” katika “kusoma”, nayo ndiyo iliyo katika “I want to meet you”. Ya pili ni kihusishi kamili, kama ile ya “to the office”. Kihusishi hufuatwa na nomino, na kitenzi kikitaka kukaa mahali pa nomino ni lazima kivae “-ing”. Katika “look forward to”, “to” ni kihusishi.

Kuzitofautisha si vigumu. Weka nomino mahali pa kitenzi uone kama sentensi inasimama. “I look forward to the meeting” inasimama, kwa hiyo kitenzi kitakuwa “meeting you”. “I want to the meeting” inaanguka, kwa hiyo kitenzi kitakuwa “meet”. Jaribio hilo litakuonyesha kwamba “object to”, “confess to”, “be opposed to”, “be committed to” na “get used to” vyote viko upande wa kihusishi: “We object to paying twice”, “She is committed to finishing the work”.

Hapo kwenye “used to” watu wengi hujikwaa. “I used to wake up early” maana yake ni kwamba zamani nilikuwa nikiamka mapema na sasa sivyo. Hapa “to” ni ile ya kitenzi. “I am used to waking up early” maana yake ni kwamba nimezoea kuamka mapema. Hapa “to” ni kihusishi. Kijineno “am” ndicho kinachozitenga maana hizo mbili, na anayekiacha anajikuta ametangaza kwamba ameacha tabia ambayo kwa kweli anayo.

Kanuni hii ya “-ing” haiihusu “to” peke yake. Inavihusu vihusishi vyote. Ndiyo maana tunasema “She succeeded in passing the examination” na si “succeeded to pass”, “He insisted on paying” na si “insisted to pay”, “They prevented us from entering” na si “prevented us to enter”, “I apologise for coming late” na si “apologise to come”. Na kama umaliziaji wa barua unakutatiza, “I look forward to hearing from you” ndiyo sentensi iliyozoeleka. “Hear from” ni kupata habari kutoka kwa mtu mwenyewe. Usiandike “hearing of you”, kwa kuwa “hear of” ni kujua tu kwamba mtu au kitu kipo.

SWALI: Nikisema “look it up” naambiwa ni sawa, nikisema “look it after” naambiwa ni kosa. Nitajuaje mahali pa kuliweka neno “it”?

JIBU: Jina “phrasal verb”, ambalo Logan Pearsall Smith alilitumia mwaka 1925 baada ya kupewa na Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford, hufunika vitu viwili ambavyo mwanafunzi anapaswa kuvitenganisha. Katika “look after the child”, “after” ni kihusishi, na kihusishi hakiachani na nomino yake: “look after him”. Katika “look up the word”, “up” ni kielezi kinachokamilisha maana ya kitenzi, na kielezi kinaweza kuhama: “look up the word” au “look the word up”.

Yambwa ikiwa kiwakilishi kama “it”, “him” au “them”, uhuru huo wa kuhama unakwisha, na kiwakilishi ni lazima kikae katikati: “look it up”, “pick it up”, “switch them off”, “fill it in”. “Pick up it” haikubaliki. Kinyume chake, yambwa ikiwa ndefu sana haifai kuwekwa katikati, kwa kuwa msomaji atakuwa amekwisha kusahau kitenzi kabla ya kukutana na kielezi: andika “Look up all the words you did not understand in the second chapter”.

Linganisha sentensi mbili hizi. “She turned off the radio” na “She turned off the road” zinafanana neno kwa neno hadi mwisho. Lakini redio aliizima, kwa hiyo “She turned it off”. Barabara aliiacha kwa kukata kona, kwa hiyo “She turned off it”, ingawa Waingereza wengi wangechagua tu kulirudia neno “road”. Katika ya kwanza “off” inashikamana na “turned” na kuunda maana mpya. Katika ya pili “off” inashikamana na “the road” na kuonyesha mahali. Sikio nalo husaidia: kielezi kwa kawaida hutiwa mkazo, kihusishi hakitiwi. Sikiliza “What did you look up?”, ambapo sauti inaangukia “up”, kisha sikiliza “What did you look at?”, ambapo inaangukia “look”.

Vitenzi vingi vya maneno matatu vina nafuu: havigawanyiki, na yambwa hukaa mwisho. “Put up with it”, “run out of it”, “get on with it”.

Ukiwa na shaka, fungua kamusi iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza, si ile ya wenyeji wa lugha. A. S. Hornby, Mwingereza aliyefundisha Japani, alitoa huko mwaka 1942 kamusi ya namna hiyo iliyomwonyesha mwanafunzi jinsi kila kitenzi kinavyojengewa sentensi, na kamusi nyingi za leo zimefuata nyayo zake. Zitazame zinavyoandika vifupisho “sb”, yaani mtu, na “sth”, yaani kitu. Zikiandika “look sth up”, yambwa inaweza kukaa katikati. Zikiandika “look after sb”, haiwezi. Vifupisho hivyo vidogo vina majibu ya maswali mengi yanayoletwa kwetu.

SWALI: Naomba ufafanuzi mfupi kuhusu haya: “agree with” na “agree to”, “die of” na “die from”, “married with” na “married to”, na kama ni “fill in” au “fill out” a form.

JIBU: “Agree with” ni kukubaliana na mtu au na maoni yake, “agree to” ni kuridhia pendekezo au sharti, na kuna “agree on”, ambayo ni pande mbili kufikia uamuzi mmoja, kama “agree on a date”. Kumbuka tu kwamba “agree” ni kitenzi, hivyo “I am agree” haipo.

Kwa ugonjwa tumia “die of”: “die of malaria”. Kwa majeraha au matokeo ya ajali, “die from” ni ya kawaida zaidi, ingawa mipaka hiyo si migumu na wenyeji huivuka.

Mtu ni “married to” mwenzi wake. “Married with” inaonekana tu katika sentensi kama “She is married with two children”, yenye maana kwamba ameolewa na ana watoto wawili. Ukiandika “She is married with a doctor”, msomaji anabaki akishangaa. Kitenzi chenyewe hakina kihusishi: “She married a doctor”.

Fomu hujazwa kwa “fill in” Uingereza, na “fill out” imezoeleka zaidi Marekani. Mataifa hayo yanatofautiana pia katika “protest against the decision” na “protest the decision”, “appeal against the judgment” na “appeal the judgment”, “write to me” na “write me”. Zote ni sahihi kwao. Chagua upande mmoja na ubaki nao ndani ya waraka mmoja.

SWALI: Mwalimu wangu alitufundisha kwamba sentensi ya Kiingereza haiishi kwa kihusishi. Je, “This is the house I live in” ni kosa?

JIBU: Si kosa, na kwa heshima zote kwa mwalimu wako, katazo hilo limewaumiza wanafunzi wengi. Mshairi John Dryden alikilalamikia kihusishi cha mwisho wa sentensi mwaka 1672 alipokuwa akikosoa maandishi ya mtunzi wa tamthilia Ben Jonson, na mwaka 1762 Robert Lowth, askofu na mwanasarufi, akasema kwamba kukitanguliza kihusishi kunapendeza zaidi katika maandishi mazito. Wala Lowth hakuupiga marufuku mtindo wa kukiweka mwisho. Alikiri kwamba ndiyo mazoea ya lugha yenyewe. Waliomfuata ndio walioyafanya maoni hayo kuwa sheria.

Ninaloliogopa mimi ni matokeo yake kwa wanaozungumza Kiswahili. Mwanafunzi aliyeogopeshwa na kihusishi cha mwisho hukifuta tu, akaandika “This is the house I live” au “the subject we talked yesterday”. Sentensi hizo ndizo zenye kosa la kweli. Kwetu “nyumba ninayoishi” imekamilika, na ndiyo maana sikio halidai kitu zaidi. Lakini tazama “kalamu ninayoandikia”: ile “-ia” iliyo mwishoni mwa kitenzi imebeba kazi ya chombo, na ukiitoa ukasema “kalamu ninayoandika”, maana inaharibika. Kiingereza kinafanya kazi hiyohiyo kwa neno la mwisho katika “the pen I write with”. Unapoandika sentensi ya aina hii, irudishe kwanza katika mpangilio wa kawaida: “I write with the pen”, “I live in the house”, “We talked about the subject”. Kihusishi kilichoonekana hapo ni lazima kionekane pia katika sentensi yako.

Ukihitaji lugha rasmi zaidi, kitangulize kihusishi pamoja na “which” au “whom”: “the house in which I live”, “the officer to whom I wrote”. Baada ya kukitanguliza, usikirudie tena mwishoni, kama wanavyofanya wanaoandika “the house in which I live in”. Na usijaribu kuhamisha vielezi tulivyovijadili katika swali la “look it up”. “The word which I looked up” inabaki hivyohivyo hata katika waraka rasmi kuliko zote. “The word up which I looked” si Kiingereza, kwa sababu “up” hiyo ni sehemu ya kitenzi na haina ruhusa ya kukitangulia.